Nosferatu ya 1922: jinsi ya kupata nakala inayofaa kutazamwa

Nosferatu ya F. W. Murnau, filamu ya Kijerumani isiyo na sauti inayohusu mnyonya damu, imejaa mtandaoni, na nakala nyingi kati ya hizo ni mbovu. Mtu anafungua ya kwanza anayoikuta, anaona watu wanakimbiakimbia kama wametimuliwa na nyuki, picha imefifia, muziki hauhusiani kabisa na kinachoendelea, kisha anahitimisha kwamba filamu za kutisha za zamani hazitishi. Kosa si la filamu.

Kampuni ya Prana-Film ya Berlin ilichukua riwaya ya Dracula ya Bram Stoker bila kulipia haki, ikabadilisha majina: Dracula akawa Orlok, Harker, kijana anayesafiri hadi kwenye ngome yake, akawa Hutter, Mina akawa Ellen, Renfield akawa Knock. Filamu ilizinduliwa Berlin tarehe 4 Machi 1922. Mjane wa mwandishi, Florence Stoker, alifungua kesi, kampuni ikafilisika, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizosalimika ni zile zilizokwisha vuka mpaka. Huko zilikokwenda zilikatwa, zikatafsiriwa, zikanakiliwa kutoka kwenye nakala nyingine, na kila mara kitu fulani kilipotea.

Kilichopotea kikaumiza zaidi ni rangi. Watu husema Nosferatu ni filamu ya nyeusi na nyeupe, lakini mwaka 1922 haikuonyeshwa hivyo. Mikanda ya siku hizo, ile inayoitwa orthokromatiki, ilikuwa kipofu kwa rangi nyekundu na ilihitaji mwanga mwingi sana, kwa hiyo kupiga picha za nje usiku ilikuwa shida kubwa. Mpiga picha Fritz Arno Wagner alipiga matukio ya usiku wa nje mchana kweupe, kisha vipande hivyo vya mkanda vikatiwa rangi ya buluu. Mtazamaji wa wakati huo alipoona buluu alijua ni usiku. Manjano ilikuwa mchana au ndani ya nyumba penye taa. Waridi ilikuwa alfajiri au magharibi. Baadaye watu waliponakili kwenye mkanda wa kawaida bila rangi, buluu ikaondoka na usiku ukaondoka nayo.

Tazama pale Orlok anapoingia mji wa Wisborg amekumbatia jeneza lake. Katika nakala isiyo na rangi, anapita barabarani huku jua likiwaka. Hilo si kasoro ndogo ya kuvumiliwa. Katika riwaya ya Stoker, Dracula anaweza kutembea mchana. Kwamba mwanga wa jua unamwua mnyonya damu ni wazo la filamu hii, na mwisho wake wote umesimama hapo. Ukishamwona Orlok akizurura juani bila kudhurika, mwisho hauingii akilini.

Tatizo la pili ni kasi. Mkanda wa milimita 35 una fremu, yaani picha mojamoja, 52.5 kwa mita, na filamu hii ilipozinduliwa ilikuwa na urefu wa mita 1,967. Ukiiendesha kwa fremu 18 kwa sekunde, inachukua dakika 95 hivi. Mashine za filamu za sauti huenda kwa fremu 24. Mkanda uleule ukipitishwa humo unakwisha kwa dakika 72 au pungufu, na kila mtu anakuwa na haraka isiyo yake. Habari njema ni kwamba 18 ni robo tatu kamili ya 24. Kama umepata nakala iliyo safi lakini inakimbia, weka kasi ya kichezeshi chako kwenye 0.75 na uzime sauti. Usiangalie muda peke yake, maana nakala fupi inaweza pia kuwa imekatwa. Angalia Hutter anavyotembea mwanzoni nyumbani kwake. Usipime kasi kwa gari la farasi linalompeleka kwenye ngome, wala kwa Orlok akipakia majeneza yake: hapo Murnau aliharakisha picha makusudi. Katika safari hiyohiyo ya gari utaona miti myeupe chini ya mbingu nyeusi. Mkanda wako hauna ubovu. Murnau ameingiza negativu yenyewe, yaani picha ambamo cheusi kimekuwa cheupe na cheupe kimekuwa cheusi, kuonyesha kwamba Hutter ameshatoka katika ulimwengu wa kawaida.

Majina nayo yanasema mengi. Ukiona vibao vya maandishi vinamtaja Harker na Dracula, na mji unaitwa Bremen, hiyo inatokana na toleo la Kiingereza lililorudisha majina ya riwaya. Ya kutafuta ni ile yenye Orlok, Hutter na Wisborg.

Nakala ninayoipendekeza bila kusita ni ya ukarabati wa 2005 na 2006, uliofanywa na Luciano Berriatúa kwa niaba ya taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung. Msingi wake ni nakala ya 1922 yenye rangi na vibao vya Kifaransa, iliyohifadhiwa Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya Ufaransa. Ina dakika 94, na muziki wake ni ule wa Hans Erdmann, uliotungwa kwa ajili ya filamu hii na kuundwa upya baadaye. Humo ndimo utakapoona vizuri tukio la chakula cha usiku: Hutter anakata mkate, saa yenye kiunzi cha mifupa inagonga, kisu kinateleza na kumkata kidole, na Orlok anainuka polepole akiufuata ule mkono. Kwa kasi ya fremu 24 inaonekana kama amerukia kidole.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki atatambua jambo moja mara moja: yule mnyama wa kutisha karibu na nyumba ya wageni, ambaye wenyeji wanamwogopa kama mbwa-mwitu wa kichawi, ni fisi. Fisi milia, kwa hakika.

Kwenye televisheni, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo, kwa sababu kinabuni fremu ambazo hazikuwepo. Weka umbo la picha 4:3 na uache pembeni pabaki peusi. Ukiivuta ijaze kioo, Max Schreck, mwigizaji wa Orlok, ambaye urefu na wembamba wake ndio nusu ya hofu yenyewe, anageuka bwana mnene wa kawaida.