Lishe ya mgonjwa wa saratani ya matiti wakati wa tibakemikali

Katika nyumba nyingi za Unguja, mwanamke akishaanza tibakemikali ya saratani ya matiti, huandamwa na makatazo. Mmoja atamwambia aache nyama, mwengine atasema kwamba sukari ndiyo inayoulisha uvimbe, na wa tatu ataleta chupa ya mafuta ya habasoda ambayo daktari hajaambiwa habari zake. Mgonjwa, ambaye hamu ya kula imeshamtoka, huishia kwenye wali mweupe na chai ya rangi. Mimi niliyemuuguza mama mdogo wangu naona kwamba makatazo hayo humdhuru zaidi kuliko hiyo nyama.

Dawa za tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika upesi, na seli za namna hiyo haziko kwenye uvimbe pekee. Ziko pia mdomoni, kwenye utumbo, kwenye mashina ya nywele na ndani ya uboho wa mifupa. Ili mwili ujikarabati baina ya dripu moja ya dawa hizo na nyengine unahitaji protini, na wataalamu wa lishe hupendekeza zaidi ya gramu 1, na ikiwezekana hadi gramu 1.5, kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwanamke wa kilo 60 basi anahitaji baina ya gramu 60 na 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zina kama 20, kwa hiyo kipande cha changu, mayai mawili, maziwa na bakuli la borohoa la chooko humfikisha mbali bila ya kununua makopo ya bei ghali.

Kuhusu sukari, kila seli ya mwili huitumia, na mtu akiacha kuila mwili huitengeneza wenyewe kutokana na vyakula vyengine. Soda si lazima, lakini kumnyima mgonjwa ndizi mbivu ni kumuonea tu. Tena, tofauti na tunavyodhani, wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hunenepa badala ya kukonda, kwa sababu ya dawa za steroidi wanazopewa pamoja na tibakemikali kupunguza kichefuchefu na mzio, kupungua kwa shughuli na hedhi kukatika mapema, huku misuli ikipungua kimyakimya. Kutembea kidogo jioni, mwili unaporuhusu, husaidia kuilinda.

Kazi kubwa ilikuwa jikoni. Mama mdogo hakuweza kuvumilia harufu ya kitunguu thomu kinapokaangwa, basi tulipika yeye akiwa barazani, na chakula alikila kikiwa kimepoa, kwa kuwa kilichopoa hakitoi harufu sana. Alipolalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma, tulimpa kijiko cha plastiki. Vidonda vya mdomo vilipotoka, ndimu na pilipili ziliondoka sahanini, ukabaki uji wa mtama wenye maziwa, kidogokidogo kila baada ya muda.

Kwa dripu nyingi za kila wiki tatu, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo zinazoukinga mwili na vijidudu, huwa chini kabisa baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Kipindi hicho urojo wa njiani na juisi ya miwa yenye barafu visubiri, mayai yaive hadi kiini kigande, matunda yaoshwe na kumenywa nyumbani, na homa ikifika nyuzi 38 hakungojwi kupambazuke, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo.