Phoenix, 2010: nilivyonunua nyumba mnadani na kuiuza bei zikiendelea kuporomoka

Waliniambia nikae na nyumba mpaka soko lirudi. Ni watu wazima wenye heshima zao, wengine tumeswali pamoja hapa Arizona miaka mingi, na bado nasema walinishauri vibaya. Bei za nyumba Phoenix zilifika kileleni mwaka 2006, na zilipogusa chini kabisa mwaka 2011 zilikuwa zimepoteza zaidi ya nusu. Soko likiwa linashuka namna hiyo, kila mwezi unaokaa na nyumba unakula faida yako. Fedha tuliyokuwa nayo mimi na shemeji yangu ilitokana na zamu za usiku na upatu wa wake zetu. Ilibidi iingie na kutoka haraka.

Huku benki haiendi kwa hakimu kuuza nyumba ya aliyeshindwa kulipa. Mdhamini wa rehani, yaani mtu wa tatu anayeshika hati ya nyumba mpaka deni liishe, anatoa notisi, siku 90 zinapita, nyumba inanadiwa. Minada mingi ya Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilifanyika nje ya jengo la mahakama, mtaa wa Jefferson, watu wamesimama juani na simu masikioni. Unakwenda na hundi ya benki ya dola 10,000. Ukishinda, salio lote liwe limefika siku ya kazi inayofuata kabla ya saa kumi na moja jioni. Mkopo hapo hauna nafasi, na nyumba huruhusiwi kuingia ndani kuikagua.

Kwa hiyo kazi yenyewe inafanyika usiku, kabla ya mnada, na inaanzia kwenye kumbukumbu za ardhi za kaunti, ambazo mtu yeyote anazisoma bure kwenye intaneti. Nilimshuhudia kijana mmoja akishinda nyumba nzuri ya Glendale, mji jirani, ina bwawa na gereji ya magari mawili, kwa elfu kumi na kitu. Wazoefu wote walinyamaza, hakuna aliyeongeza hata dola. Ukimya ule peke yake ulitosha kumshtua mtu. Kilichokuwa kinanadiwa ni rehani ya pili, yaani mkopo mwingine uliochukuliwa juu ya nyumba ambayo tayari ina mkopo. Rehani ya kwanza, ya zaidi ya laki moja, ilibaki palepale juu ya nyumba, na benki iliyoishikilia ilikuwa na haki ya kuinadi nyumba hiyohiyo kwa deni lake. Yule kijana alikuwa akipiga picha na karatasi yake. Angalia pia deni la kodi ya serikali kuu: likiwepo na limesajiliwa, serikali ina siku 120 za kuikomboa nyumba baada ya mnada, na siku hizo zote hulali vizuri.

Ukishamaliza karatasi, nenda kaione nyumba, lakini usiishie barazani. Nyumba nyingi za zamani za Phoenix zina kichochoro nyuma, magari ya taka yalikuwa yakipita huko. Ukiwa kichochoroni unaliona paa, na juu ya paa ndiko kiyoyozi kilipo. Ukiona bati la pembeni limefunguliwa na waya zinaning'inia, ujue shaba imeshachukuliwa, na kiyoyozi kingine wakati ule kilikuwa si chini ya elfu tatu na kitu. Bwawa likiwa kijani kama uji wa mlenda na mbu wamelizingira, nyumba haina mtu tangu zamani. Kisha mbishie hodi jirani. Nyumba yetu ya Maryvale, upande wa magharibi wa Phoenix, tuliipata kwa sababu ya mama mmoja wa Kimeksiko wa nyumba ya pili, aliyetuambia kwamba wenyewe walihama usiku, lakini mzee wa pale alikuwa fundi bomba na mabomba yote aliyabadilisha mwenyewe. Wengine mnadani waliiona kuukuu wakaiacha. Tuliipata kwa elfu arobaini na saba hivi. Mwaka 2006 nyumba za mtaa ule zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya laki na nusu.

Matengenezo yalikula elfu kumi na nne, kumi na tano: kiyoyozi, rangi, zulia, bwawa, sinki. Dalali wetu alitaka tuweke graniti jikoni. Nilikataa. Mnunuzi wa Maryvale anataka kiyoyozi kipya chenye risiti, maana Julai huku joto linapita nyuzi 43.

Sasa nije kwenye bei, ambako ndiko nilikotumia akili yangu yote. Wanunuzi wengi wa nyumba ya aina ile walitegemea mkopo wenye bima ya FHA, idara ya serikali kuu inayomkinga mkopeshaji mnunuzi akishindwa kulipa. Kabla ya hapo FHA ilikuwa ikikataa nyumba ambayo muuzaji ameimiliki chini ya siku 90. Kuanzia tarehe 1 Februari 2010 sharti hilo lilisimamishwa kwa muda. Wakati huohuo serikali ilikuwa inampa mnunuzi wa mara ya kwanza punguzo la kodi la asilimia 10 ya bei, lisizidi dola 8,000, mradi mkataba usainiwe kabla Aprili haijaisha. Dalali akasema, "Tuanze na elfu tisini na tano, tutashusha taratibu." Benki zilikuwa zimeziweka nyumba zao jirani kwenye themanini na nne mpaka themanini na tisa, chafu vilevile. Nikamwambia weka 80,000 kamili. Kwa bei hiyo mnunuzi anapata zile 8,000 zote, na malipo yake ya mwanzo ya asilimia 3.5 ni 2,800 tu. Akaguna. Wikiendi ya kwanza watu walipangana mlangoni.

Wakati ule ukiuza kwa bei iliyozidi ya kununulia kwa zaidi ya asilimia 20, mkopeshaji wa FHA alidai maelezo. Shemeji alikuwa na faili: picha za kila chumba kabla na baada, risiti kwa tarehe, na bei za nyumba tatu zilizouzwa karibu. Mthamini alipokuja alilikuta mezani, akalisoma akiwa amesimama, akaomba nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulisaini kabla ya tarehe 30 Aprili. Ukitoa ada za dalali na hatimiliki, tulibaki na kama elfu kumi na moja.

Baada ya hapo wanunuzi wakapungua na bei zikaanza kuteremka tena. Kabla mwaka haujaisha, nyumba inayofanana na yetu ilitoka kwa sitini na kitu. Wale wa "kaa nayo" waliacha kunipigia.

Nyumba iliyofuata, katika mji jirani wa Mesa, ilikuwa na wapangaji. Baba wa pale alikuwa akilipa kodi kila mwezi kwa mwenye nyumba ambaye halipi benki. Sheria ya mwaka 2009 ilimpa notisi isiyopungua siku 90, na mwenye mkataba wa muda aliruhusiwa kuumaliza. Watu walinishauri nikate maji. Hilo ni kosa kisheria, na ni unyama. Nilikaa naye nje, nikamwambia, "Kaka, haki yako ninaijua. Ukihama mapema nyumba ikiwa imefagiliwa, nitakupa dola 1,500 siku hiyohiyo." Akauliza kama naweza kumwandikia. Nikamwandikia, na nikamsaidia lori la kuhamisha vyombo. Tulikuta hata vioo vya madirisha vimepanguswa, na nyumba ile tulimuuzia mstaafu kutoka Kanada aliyelipa taslimu, bila benki wala FHA, kabla joto la kiangazi halijaanza kuwafukuza wanunuzi.