Kwenye Jiwe la Askari wa B-29, Kilima cha Shizuhata

Treni za kasi kuliko zote kati ya Tokyo na Osaka hupita Shizuoka bila kusimama, hivyo nilipanda ile inayoitwa Hikari, ambayo hufika huko kwa takribani saa moja. Ilikuwa Juni, majira ya mvua nchini Japani, na Mlima Fuji, ambao abiria wa upande wa kulia huutazamia kwa hamu, ulikuwa umefunikwa na mawingu wote. Sikuufuata mlima, hata hivyo. Nilikuwa nimealikwa na mwalimu mmoja mstaafu wa mji huo, tuliyefahamiana nilipokuwa mafunzoni Tokyo, nihudhurie kumbukumbu inayofanyika kila mwaka juu ya kilima cha Shizuhata kwa ajili ya Wamarekani waliokufa wakiuteketeza mji wake.

Njia ya kupanda huanzia kwenye hekalu la Sengen, kwa ngazi ndefu ya mawe inayomtoa mtu jasho kabla hajaanza safari yenyewe, kisha huingia msituni na kufuata mgongo wa kilima. Mwenyeji wangu, ingawa amenizidi umri kwa mbali, alipanda bila kuhema na kunisimulia huku akitangulia.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni 1945, ndege zaidi ya 100 za aina ya B-29, zilizotoka visiwa vya Mariana, ziliumwagia Shizuoka mabomu ya moto. Tokyo ilikwisha kuungua mwezi Machi, na sasa Wamarekani walikuwa wamegeukia miji ya wastani. Usiku huohuo Toyohashi na Fukuoka nazo zilishambuliwa. Mji wa nyumba za mbao haukuwa na kinga dhidi ya moto wa namna ile, na watu wapatao 2,000 walikufa. Katikati ya shambulio hilo ndege mbili ziligongana angani, zikaanguka, na Wamarekani wote 23 waliokuwamo wakapoteza maisha.

Mkazi mmoja aliyeitwa Fukumatsu Ito, muumini wa dini ya Buddha, aliwazika Wamarekani hao pamoja na raia waliouawa na mabomu. Majirani zake walimlaumu vikali, na sidhani kama kuna haja ya kuwashangaa. Mtu aliyetoka kumtafuta mwanawe kwenye majivu, akamkuta jirani yake anamchimbia kaburi aliyeyaleta majivu hayo, angesema nini? Kuwaenzi maadui baada ya miaka hamsini, kukiwa na bendera, hotuba na viti vya wageni, ni jambo linalowezekana kwa mataifa mengi. Ito alilifanya wakati mji bado unafuka moshi, bila serikali yoyote kumtuma, na wakati vita bado vinaendelea. Baadaye alisimamisha mnara juu ya kilima kwa ajili ya askari wale, na leo unasimama mahali pamoja na mnara wa raia wa Shizuoka. Anayekwenda kuomboleza kwenye mmoja hawezi kukwepa kuuona wa pili.

Tulipofika juu tulikuta watu wamekwisha kukusanyika: familia za wenyeji, watawa wa Kibuddha, na wanajeshi wa Kimarekani kutoka kambi ya anga ya Yokota, waliovaa sare rasmi katika joto lile la unyevunyevu na kuvumilia mbu kimyakimya. Sala zilisomwa, vijiti vya udi vikawashwa, maua yakawekwa mbele ya minara yote miwili. Kisha ikatolewa chupa ya maji ya kijeshi.

Ito ndiye aliyeiokota kwenye mabaki ya ndege. Imeungua ikawa nyeusi, imebonyea, na ubavuni inaonekana alama kama ya vidole vya mtu aliyekuwa ameikamata. Ilikuja kuhifadhiwa na daktari Hiroya Sugano, aliyelishuhudia shambulio akiwa mtoto na akaiendeleza kazi ya Ito kwa miongo mingi. Siku ya kumbukumbu hutiwa wiski ya Kimarekani. Mjapani mmoja na Mmarekani mmoja waliishika kwa pamoja, wakaiinamisha taratibu, na wiski ikachuruzika juu ya jiwe hadi harufu yake ikachanganyika na ya udi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona jinsi kila mmoja alivyokuwa akimsubiri mwenziwe asiinamishe haraka. Mimi situmii kileo, lakini nilielewa tambiko lile bila kutafsiriwa. Kwetu pia wapo wanaowamwagia wahenga pombe chini.

Tulipokuwa tukipumzika nilimweleza mwenyeji wangu kwamba vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa Burma na Waingereza katika KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, na kwamba mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Aliniuliza makaburi yao yako wapi, nikamjibu kwamba baadhi yako Taukkyan, karibu na Yangon. Akayaandika majina hayo mawili katika kijitabu chake, akiniomba niyatamke tena polepole.

Naye akanieleza kwamba chupa ile hupelekwa pia Pearl Harbor, kwenye kumbukumbu ya manowari ya USS Arizona, ambapo watu 1,177 walikufa tarehe 7 Desemba 1941 kwa mabomu ya Wajapani. Huko wiski humwagwa baharini, na safari hiyo Wajapani ndio wanaokwenda kwa watu waliouawa na wenzao. Kwa maoni yake, bila safari ya pili ile ya kwanza ingekuwa nusu. Aliniuliza kama ningependa kwenda naye siku moja. Nikamwambia Hawaii iko mbali mno na mfuko wangu. Akacheka, tukaanza kushuka kwa tahadhari, maana mvua ilikuwa imeanza na mawe yalikuwa yakiteleza.