Nilivyofundisha Kazi ya Ghala kwa Masomo Mafupi

Nilipokabidhiwa jukumu la kuwafunza wafanyakazi wapya wa ghala, nilikuta mafunzo yakitolewa kwa siku nzima, mada juu ya mada, na baada ya muda mfupi wasimamizi walikuwa wakiulizwa mambo yaleyale yaliyokwisha kufundishwa. Sikuwalaumu wafanyakazi, kwani akili ya mtu yeyote hushika mambo machache tu mapya kwa wakati mmoja: mwanasaikolojia George Miller aliyakadiria kuwa 7 hivi mwaka 1956, na mwaka 2001 Nelson Cowan akayashusha hadi 4 hivi.

Niliomba kibali cha kufundisha kwa masomo ya dakika 10 hivi, mwanzoni mwa zamu, palepale penye kazi. Kilichohitaji fikra nyingi ni kuamua kila somo libebe nini, kwa sababu mhadhara mrefu ukikatwakatwa hubaki kuwa mhadhara uleule. Nilijiwekea kanuni kwamba kila somo limalizike kwa tendo moja ambalo mfanyakazi atalifanya mbele yangu. Mada ya kupokea mizigo pekee ilizaa masomo kadhaa: kulinganisha hati ya mzigo na oda, kuhesabu na kukagua kabla ya kutia sahihi, kuandika upungufu kwenye hati wakati dereva angali yupo, kisha kuingiza mzigo kwenye leja. Somo la upungufu nililipa uzito wa pekee, maana sahihi iliyotiwa bila maelezo humpa msambazaji hoja kwamba mzigo ulifika kamili, na madai ya baadaye huwa magumu kuthibitisha.

Jambo ninalolithamini kuliko hata ufupi wenyewe ni kuuliza tena. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni kisha hupungua. Nao watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke, mwaka 2006, walibaini kwamba baada ya wiki moja, wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma walikishika kuliko waliokisoma tena. Kwa hiyo kila somo langu lilianza kwa maswali mawili matatu ya masomo yaliyopita, daftari zikiwa zimefungwa, na swali lililowashinda wengi lilirudi siku iliyofuata.

Wasimamizi walianza kuletewa maswali ya aina nyingine, yale yanayohitaji uamuzi wao kweli. Aliyekosa zamu alifundishwa somo alilolikosa tu, na mpya aliyeajiriwa katikati hakulazimika kusubiri awamu nyingine ya mafunzo. Mpangilio wa ghala zima, hata hivyo, niliuacha katika kipindi kirefu, kwa sababu mfanyakazi anapaswa kuuona mtiririko wote, kuanzia mlango wa kupokelea hadi wa kutolea mizigo, ndipo aelewe kwa nini bidhaa zinazotoka mara kwa mara huwekwa karibu.