Siku moja ya dereva wa Tabora–Kigoma, na mapumziko ya Uvinza

Saa 10:30 alfajiri

Kruza (Land Cruiser) ya dizeli inakaguliwa kabla haijawashwa. Upepo wa tairi hupimwa tairi likiwa baridi, la spea likiwemo, na kipimo sahihi ni kile cha kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, safu ya gari lenye mzigo. Kisha oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni, terminali za betri. Jeki nayo ijaribiwe hapa hapa nyumbani. Iende na kipande cha ubao mgumu, kwa sababu pembezoni mwa barabara hii mchanga ni mwingi na jeki isiyo na ubao huzama badala ya kunyanyua.

Maji lita 30 kwa watu wanne na dereva: 20 ya kunywa, 10 ya gari, kwenye madumu yasiyofanana ili asije mtu akanywa ya rejeta. Tangi lijazwe Tabora mjini. Safari ni kilomita mia nne na ushee, na gari la aina hii lenye mzigo hunywa kama lita 13 kwa kila kilomita 100.

Saa 12:30 asubuhi

Mizigo mizito chini, myepesi kwenye keria. Kupanga abiria ni kazi ya adabu na ya akili pamoja: "Shikamoo mzee, wewe kaa hapa mbele," halafu mtoto anayetapika asipelekwe kwenye benchi za pembeni nyuma. Ukikaa ubavu huku gari linakwenda mbele, tumbo haliwezi kutulia.

Tunaondoka muda huu kwa ajili ya jua. Barabara inaelekea magharibi, hivyo asubuhi jua liko mgongoni. Anayeondoka saa 4 atalipokea usoni kilomita zote za mwisho, wakati macho yameshachoka.

Saa 2 asubuhi

Urambo, kilomita 90 hivi. Chai, chapati, choo, dakika 20. Hapa ni moja ya sehemu ambako Waingereza walileta matrekta ya mradi wao mkubwa wa karanga, ulioanza 1947 ukafutwa 1951. Karanga za wakulima wadogo bado zinauzwa kwenye vikopo, na ni chakula kizuri cha njiani kuliko biskuti.

Saa 3 hadi saa 5

Kaliua inapita, tunaingia misitu ya miombo. Adui hapa ni mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo. Wanafuata kitu kinachotembea na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo gari linalokwenda polepole madirisha wazi limewakaribisha lenyewe. Vaa kaki au rangi hafifu, mikono mirefu. Wanauma hata juu ya nguo nyepesi, na dawa nyingi za kupaka za kufukuza mbu haziwababaishi sana. Wakiingia, usifungue madirisha yote kwa hasira. Simamisha gari, waue kwa kitambaa wakiwa wametua kwenye kioo, ndipo uendelee. Mtu akipata homa siku au wiki chache baada ya kuumwa, au kidonda kilichovimba pale alipoumwa, aende hospitali na aseme wazi kwamba alipita kwenye mbung'o. Asiposema atapimwa malaria tu, na malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwa upande wetu wa Afrika huenda kasi.

Ukikuta mchepuko wa vumbi, funga vioo, weka kiyoyozi kizungushe hewa ya ndani, na liachie gari la mbele nafasi hadi vumbi lake litue. Kulipita ndani ya vumbi ni kamari.

Saa 5:15

Daraja la Kikwete, juu ya Mto Malagarasi. Mabwawa na nyasi hizi ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000. Maji yanavutia kwa macho, lakini yana mamba na viboko. Hakuna kuteremka kunawa miguu.

Saa 6 mchana

Uvinza, mji wa chumvi. Hapa tunakaa saa mbili na nusu, na nitazitetea kwa yeyote anayesema "twende tu, tumebakiza kidogo". Ajali za usingizi hupenda kilomita hizo za kidogo.

Gari linaegeshwa kivulini, pua ikitazama upepo, kwenye udongo mkavu. Usiegeshe pale chumvi ilipopakuliwa: chumvi yenye unyevu hula chesisi na mabomba ya breki kimya kimya. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi kabla ya nusu saa, hata gari lisipochemsha, kwa kuwa maji ya ndani yako kwenye mgandamizo na yataruka usoni. Tairi la moto litaonyesha pauni 4 hadi 6 zaidi ya asubuhi. Usilipunguze upepo. Likipoa litakuwa limelegea, na tairi legevu lenye mzigo ndilo linalopasuka.

Chakula kiwe wali kidogo, maharage, samaki wa mtoni. Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, usubiri Kigoma. Dereva avue viatu, alaze kiti, alale dakika 20 na simu ya kumwamsha. Akipitiliza dakika 30 ataamka mzito kuliko alivyolala.

Abiria wao waende kuona chumvi. Wageni huja wakitarajia chemchemi za kuoga. Hizi ni za kazi. Maji ya chumvi hutokea ardhini karibu na Mto Ruchugi, na wachimbuaji wa mambo ya kale mwaka 1967 walikuta mabaki ya utengenezaji chumvi ya Zama za Chuma. Zamani yalichemshwa kwenye vyungu. Chumvi ya hapa ilisafiri mbali kwa misafara, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ikapata njia ya haraka zaidi.

Omba ruhusa kabla ya kusogelea mabwawa ya kukaushia maji hayo, vaa viatu vya plastiki, usitumbukize mkono wenye kidonda. Maji ya chumvi yakiruka jichoni, osha kwa maji safi dakika 15. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Maji yanapokauka hayana budi kufikia ukali wa karibu mara kumi ya huo ndipo punje zianze kujitenga. Chokaa na jasi hutangulia kuganda, chumvi hufuata, na yanayobaki mwishoni ni maji machungu yenye magnesiamu. Asiyeyachuja vizuri atauza chumvi inayolia machozi kwenye gunia.

Ndiyo maana ukinunua, chota mkono mmoja, kamata kwa nguvu, kisha fungua ngumi. Kavu inamwagika. Mbichi inabaki tonge, na utakuwa umelipia maji. "Mama, naomba nikamate kwanza," hakuna muuzaji anayechukia. Kwa kula nyumbani uliza yenye madini joto, uihifadhi kwenye chombo kilichofunikwa mbali na jua na jiko, kwa kuwa madini hayo hupotea kwa joto na unyevu. Gunia lifungwe ndani ya nailoni kabla ya kupanda garini.

Saa 8:30

Kagua tena: nati za magurudumu, uvujaji chini ya injini, maji ya rejeta sasa yakiwa yamepoa. Zimebaki kilomita mia moja na kidogo kupitia Kidahwe. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na mbuzi hawasomi vibao. Jua limeanza kuja mbele, kwa hiyo kioo kifutwe ndani na nje. Ukungu wa vumbi kwa ndani ndio unaopofusha.

Saa 10:30 jioni

Kigoma. Bado kuna mwanga wa kutosha: jua hapa huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Abiria wakishashuka, gari linaoshwa kwa maji mengi upande wa chini, kuanzia matao ya magurudumu hadi ekseli ya nyuma, kisha chujio la hewa linatolewa na kukung'utwa. Tangi linajazwa usiku huu huu, kwani nafasi tupu ndani ya tangi hukusanya unyevu, na dizeli yenye maji itakusimamisha kesho kabla hujaifikia Kidahwe.