Eliya alilala kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimechelewa kutuma tafakari ya wiki hii mnisamehe, umeme ulikatika tangu juzi jioni simu ikazima kabisa, na huku Uyole, Mbeya, mvua haijatuacha tangu Alhamisi. Neno letu ni 1 Wafalme 19, mstari wa 1 mpaka wa 18. Naomba uache kidogo kusoma hapa ufungue Biblia yako, maana nitaenda polepole sana kwenye mistari ambayo wengi wetu huwa tunaipita haraka ili tufike kwenye ile sauti ndogo ya utulivu.

Mnakumbuka sura ya 18, moto umeshuka pale Karmeli, mvua imenyesha, watu wote wameanguka kifudifudi. Nabii Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa kuliko yote ya maisha yake, halafu ujumbe mmoja tu wa malkia Yezebeli kwamba atamuua, anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mti wa mretemu anamwambia Mungu yatosha, anaomba afe. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hii na karibu yote yanamkemea Eliya, kwamba imani yake ilipungua, kwamba alimwangalia Yezebeli akamsahau Mungu. Mimi mwenyewe nimewahi kufundisha hivyo kwenye kipindi cha akina mama. Siwezi tena.

Wengi wenu mnajua ile ajali yangu, ila mnaijua kwa ule ushuhuda nilioutoa kanisani, na ushuhuda ule haukuwa habari yote. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, nilikuwa kwenye Hiace naenda Mbalizi, tuko kwenye ule mteremko wa Iwambi, nimekaa dirishani nimepakata mfuko wa vitunguu, lori likafeli breki nyuma yetu. Nakumbuka harufu ya breki zilizoungua, nakumbuka vitunguu vikibiringika barabarani, kuna vingine hata siwezi kuviandika. Dada aliyekuwa amekaa kando yangu hakufika nyumbani. Mimi nikatoka na mfupa wa bega uliovunjika, na Jumapili ya pili yake tu nikasimamishwa mbele, mkono umefungwa shingoni, nisimulie jinsi Bwana alivyonitoa. Watu wakashangilia, vigelegele, kinanda kikapigwa, na mimi nikaimba. Ila wakati nasimulia miguu ilikuwa haipo, yaani nilikuwa nasikia sauti yangu inaongea kama inatoka kwa mtu mwingine kule nyuma ya kanisa.

Toka siku ile sikulala. Nikifumba macho naona vitunguu. Lori likiachia ile breki ya upepo, ule mlio wa tshhh, mwili wote unaganda hata kama niko jikoni kwangu nakoroga uji, na mnajua nyumba yetu ilivyo karibu na barabara kuu ya Tunduma, malori yanapita usiku na mchana. Nikawa mkali kwa watoto. Nikaacha kwenda Mbalizi kabisa, nikaacha kupanda gari, mwisho nikaanza kutoroka kanisani sifa zikianza, maana zile spika zikinguruma kifua kinabana najiona nakufa. Wapendwa walinitembelea, namshukuru Mungu kwa kila mmoja aliyekuja, lakini maneno yalikuwa mazito. Mmoja akasema sina shukrani, Mungu kaniponya mimi nakaa nalia, mwingine akasema hiyo ni roho ya hofu nifunge siku tatu. Nikafunga. Siku ya tatu nikaanguka bafuni.

Aliyenisaidia kwanza ni shangazi yangu wa Tukuyu, bibi wa miaka sabini na kitu, hata kusoma hasomi vizuri. Alinifuata mwenyewe akanichukua, tukapanda gari asubuhi sana barabara ikiwa wazi, akanishika mkono mpaka tunafika. Hakuniuliza habari za ajali hata siku moja. Kila asubuhi anasukuma mlango wa chumba anasema "ugonile?" Wanyakyusa mliomo humu mnaijua hiyo, ni salamu tu ya asubuhi, tunaisema bila kufikiri, ila ukiisikiliza maana yake ni umelala? Nami nikamjibu ukweli, shangazi sijalala. Hakusema nikaombe wala nikafunge. Akasema basi lala sasa, akafunga dirisha, akaenda shambani, akirudi ananiamsha kwa kunigusa mguu kuna ndizi zimepikwa na maziwa ya mgando.

Sasa rudi mstari wa 5. Eliya amelala chini ya mti, na Mungu hakumwamsha kwa kumkemea. Malaika alimgusa, akamwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji kichwani pake. Akala akanywa, halafu akalala TENA, na malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile, na sababu aliyompa ni kwamba safari ni kubwa mno kwake. Mnaliona hilo? Mungu wa mbinguni anakubali kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu za mtumishi wake, haoni aibu kulisema. Mpaka hapo hakuna mahubiri, hakuna swali. Ni kuguswa taratibu, mkate, maji, usingizi mara mbili. Swali la anafanya nini pale limekuja baada ya siku arobaini za kutembea kwa miguu mpaka Horebu. Siku arobaini! Mimi nilipewa kipaza sauti baada ya siku kumi na moja.

Shangazi alikuwa ananipa kazi ndogo ndogo. Beseni la maharage mabichi, nimekaa kibarazani, mkono mmoja mzima mwingine unauma. Unashika ganda, unalibonyeza kwenye mshono na kidole gumba, linafunguka na kasauti kadogo, ndani maharage matano yamelala mstari mmoja, meupe yana madoadoa mekundu, bado yana unyevu. Unayadondosha, unachukua lingine. Mvua ya Tukuyu inapiga kwenye majani ya mgomba, moshi wa jikoni unakuja unaondoka. Siku ya kwanza sikumaliza hata robo ya beseni. Siku ya nne nikashtuka beseni limejaa na kwa muda wote ule sikuwa kwenye mteremko wa Iwambi, nilikuwa pale kibarazani, vidole vyangu, maharage, mvua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kuwa mahali nilipo.

Baadaye niliporudi mjini nikaenda kuonana na nesi wa afya ya akili hospitali, nilienda kwa kujificha niseme ukweli, nimejifunika kitenge usoni. Yule dada alinieleza kitu ambacho natamani kingesemwa madhabahuni. Alisema ubongo una sehemu inayofanya kazi kama kengele ya hatari, ikishalia siku ya balaa wakati mwingine haizimiki, kila mlio au harufu inayofanana na siku ile inaigonga upya, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza kama vile lori linakuja saa hii. Mwili haujui kwamba imeisha. Akasema kinaitwa kiwewe, ni jeraha kama jeraha la bega, na kama ndoto mbaya, kushtuka shtuka, kukwepa njia au watu, ganzi ya moyo vinazidi mwezi mmoja basi mtu aje aonwe asisubiri. Nilimuuliza sasa imani yangu iko wapi? Akaniuliza bega lako lilipovunjika uliulizwa imani?

Ni yeye pia aliyenifundisha kupumua taratibu na kutulia pale nilipo, na najua hapa kuna wapendwa wataniuliza maana nimeshaulizwa, eti mambo hayo si ya Wabudha? Nijibu wazi. Ni kweli mwanasayansi mmoja wa Marekani anaitwa Jon Kabat-Zinn aliyafanya kuwa mafunzo ya hospitali mwaka 1979 pale chuo kikuu cha Massachusetts, na yeye alianzia kwenye tafakari ya Kibudha, akayapanga upya kwa ajili ya wagonjwa bila dini. Mimi siombi kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa Kristo. Ila pumzi alinipa Mungu siku alipopuliza puani mwa Adamu, na Yesu mwenyewe ndiye aliyesema tuyatazame maua ya mashamba jinsi yanavyomea. Mtu hawezi kutazama ua akili yake ikiwa Iwambi. Kwa hiyo nikikaa nikahesabu pumzi huku nasema Bwana ndiye mchungaji wangu, sioni mungu mgeni niliyemwabudu hapo.

Ila tuwe waangalifu jambo moja, na hili nesi alilikazia. Usimwambie mtu mwenye kiwewe afumbe macho akae kimya kimya dakika ishirini, kimya hicho kinaweza kumrudisha kule kule alikotoka na akaumia zaidi. Macho wazi, miguu imekanyaga chini, muda mfupi tu. Mimi huwa nafanya pale stendi ya Kabwe nikisubiri gari, natafuta vitu vitano ninavyoviona, yule mama na ndizi zake, tairi lenye matope, mlima Loleza umejifunika ukungu nusu, halafu vinne ninavyovigusa kama pindo la kitenge na sarafu ya nauli, vitatu ninavyovisikia, kondakta anaita Uyole Uyole, halafu harufu ya mahindi ya kuchoma, halafu ladha iliyobaki mdomoni. Nikimaliza gari limejaa na mimi nimo ndani. Miezi minane nilikuwa siwezi kupanda peke yangu.

Mwaka jana Februari tulienda Kitulo na akina mama, ile hifadhi ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, tukapandia Isyonje, baridi kali mpaka meno yanagongana. Maua mpaka jicho linaishia, ya njano, ya zambarau, meupe, na kuna zile okidi zinazoota ardhini, mwongozaji akatuambia ziko aina zaidi ya arobaini. Nikamuuliza kiangazi nyasi zikikauka na moto ukapita hizi zinakuwa wapi? Akainama akagusa udongo akasema ziko humu chini, zinakaa kwenye kiazi chake mpaka mvua irudi. Akasema na viazi hivyo watu walikuwa wanavichimba sana wakiuza upande wa Zambia wanatengenezea chakula kinaitwa chikanda, na hiyo ni sababu mojawapo eneo likalindwa, likawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nilikaa pale kwenye nyasi nikalia, wenzangu wakafikiri nimeumwa. Nilikuwa nawaza ile Jumapili ya siku ya kumi na moja, jinsi nilivyochimbuliwa.

Si akili yangu tu hii. Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu waliopatwa na majanga, na unasema angalia mahitaji yake, sikiliza, muunganishe na msaada, na asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Na kuhusu kutazama maumbile, kuna mtafiti Roger Ulrich alitoa utafiti mwaka 1984 wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania, wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kitanda changu mimi kilitazama ukuta. Hapa kwetu milima imetuzunguka kila upande na bado mtu anaweza kuumwa mwaka mzima ndani ya chumba kimoja, hakuna wa kumtoa akae hata chini ya mparachichi.

Nimalizie na mstari wa 10 na wa 14. Eliya anaulizwa swali lile lile mara mbili na anajibu maneno yale yale mara mbili, karibu neno kwa neno, nimebaki peke yangu nao wananitafuta roho yangu. Katikati kumepita upepo wa kuvunja miamba, tetemeko na moto, Mungu hakuwamo, halafu ile sauti. Na bado Eliya anarudia. Mungu hamwambii hilo umeshalisema. Anamsikia tena, halafu anampa Elisha wa kutembea naye na anamwambia wako wengine elfu saba waliobaki waaminifu.

Kuna kijana wetu wa kwaya, simtaji, aliyeokolewa kwenye moto wa nyumba mwezi uliopita. Nimeongea na mchungaji amekubali, hatasimamishwa kutoa ushuhuda mpaka yeye mwenyewe aseme anataka. Chakula chake naomba tupangiane siku, Jumatatu na Jumanne nimechukua mimi, aliye karibu na Igawilo aangalie Jumatano. Akitaka kwenda hospitali nitaenda naye, najua mlango ulipo. Na maombi ya Ijumaa hatutawasha spika, tutaanzia nje kwenye nyasi kama mvua itakubali, njooni na mitandio ni baridi.

Shangazi kapiga simu leo alfajiri kama kawaida yake, ugonile? Nikamwambia nimelala shangazi, nimelala mpaka jogoo la pili, lori moja lilipita nikasikia, nikageuka upande wa pili.