Siku ya kumtafutia Basema nyumba

Saa kumi na mbili alfajiri nafungua kliniki. Ni mwezi wa saba, na Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, kwa hiyo kiangazi chetu ndicho kinacholeta baridi. Kabla ya kugusa chochote naenda kwenye friji ya chanjo, maana umeme ulikatika usiku. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 6. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto kwa muda mrefu huharibika bila kubadilika rangi wala harufu, na mtu hurudi nyumbani akiamini kwamba mbwa wake amekingwa. Leo ziko salama, barafu tuliyopanga jana imetosha.

Kisha namtoa Basema, mbwa mdogo jike. Dereva wa lori ndiye aliyetuletea, alimkuta kando ya barabara ya Kasumbalesa, pale malori ya shaba yanapopanga foleni ya kuelekea mpakani. Alikuwa amejaa kupe, tumbo limevimba kwa minyoo, na shingoni ana kovu la kamba. Jina alipewa na kijana wa stajieri, yaani mwanafunzi anayejifunza kazi kwetu, kwa desturi ya huku ya kumpa mbwa jina la kuwajibu majirani: waache waseme. Sasa manyoya yamerudi na anakula vizuri. Kilichobaki ni nyumba, na kliniki si nyumba. Mbwa mdogo anapaswa kuzoea watoto, kuku, pikipiki na sauti ya mchi kabla hajapevuka, la sivyo woga unamwingia na haumtoki.

Saa mbili tunampima na stajieri, mwanafunzi wa Kitivo cha Udaktari wa Wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Namwambia atazame meno. Yale ya mbele katikati yameshakuwa ya utu uzima, lakini chonge bado ni za utotoni, nyembamba kama sindano. Maana yake ana umri wa takriban miezi minne. Leo anapata dozi ya mwisho ya chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuhara damu), ambayo hatuifungi kabla ya wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizuia chanjo ya mapema isifanye kazi. Ya kichaa cha mbwa alichomwa alipotimiza miezi mitatu, na atarudia baada ya mwaka.

Saa tatu simu zinaanza. Swali la kwanza ni lilelile kila mara: "Iko mwanaume ao mwanamuke?" Nikijibu ni jike, wengi hukata. Mama mmoja wa Kampemba ananieleza sababu bila kuzunguka: "Mwanamuke atazala kila mwaka, tutapeleka batoto wapi?" Hofu yake ni ya haki kabisa. Mbwa hubeba mimba siku 63 tu, na watoto wasiotakiwa ndio wanaoishia barabarani walikotoka akina Basema. Namwambia daktari wetu atamfunga kizazi akifikisha miezi sita, na kwamba gharama iko juu yetu. Anasema atamuuliza mumewe.

Anapiga mwenye depo ya saruji. Anataka mbwa wa kusaidiana na zamu, yaani mlinzi, usiku, mchana afungwe mnyororo. Namuuliza nani atampa maji mchana. "Ni mbwa, ataangalia mwenyewe." Namshukuru na kumaliza mazungumzo. Kuna wenzangu wanaoniona mgumu, wanasema mnyororo ni afadhali kuliko barabara. Sikubaliani nao. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa hujifunza kumchukia kila apitaye, na siku mnyororo unapokatika, anayelipa ni mtoto wa jirani.

Na leo mtoto wa jirani ametufikia. Saa nne anaingia mama, amemshika kijana wake wa miaka kama minane, mguu umefungwa kitenge. Ameng'atwa asubuhi na mbwa asiyejulikana, na mama hakujua pengine pa kukimbilia isipokuwa kwa watu wa mbwa. "Docta, banasema tuweke pilipili." Mimi si daktari, ila hapa kila avaaye blauzi nyeupe huitwa hivyo. Hapana mama, pilipili hapana, majivu hapana, nywele za mbwa hapana. Tunamkalisha penye bomba, tunaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa ya ukutani. Mtoto analia, mama analia, stajieri anaendelea kuosha. Sabuni hupunguza virusi palepale kwenye kidonda kabla havijaanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Kisha lazima hospitali, leo hii, kwa chanjo ya binadamu, na arudi kwa kila tarehe atakayoandikiwa hata kidonda kikiwa kimekauka. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea karibu hakuna anayepona, ndiyo maana hatusubiri kuona. Daktari anamwandikia barua ya kuonyesha kule na kumtafutia usafiri.

Wakati wa kutoka, yule mama anamwona Basema kwenye kizimba na kurudi nyuma hatua mbili. Simlaumu. Lakini karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu, hadi asilimia 99, huupata kwa mbwa, na mbwa huyuhuyu akichanjwa ndipo ugonjwa unapokatika. Shirika la Afya Duniani husema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mji, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kila mbwa tunayemtoa na karatasi ya chanjo ni mmoja katika hao 70.

Mchana unapita na kazi za kawaida, mbuzi mmoja, paka mmoja, dawa za viroboto.

Saa nane tunaenda Katuba. Mstaafu mmoja wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, alikuja wiki iliyopita na mjukuu wake wa kike, na alinipendeza kwa sababu hakuuliza dume au jike. Aliuliza anakula nini, mara ngapi, na chanjo ya mwakani ni pesa ngapi. Lakini sikumpa jibu siku ile, kwa kuwa aliyekuja hakuwa mpishi wa nyumba. Baba anaweza kumpenda mbwa, watoto wanaweza kumlilia, ila anayeshika mwiko ndiye atakayemlisha miaka kumi ijayo. Huyo asipokubali kwa kinywa chake, mbwa hana nyumba hata akikaribishwa kwa vigelegele.

Manseba, dereva wa pikipiki ya abiria, anatupakia, Basema yuko ndani ya kartoni yenye matundu, ameipakata stajieri. Paseli, yaani kiwanja cha nyumba, ni ya ua wa miti, kuna kisima chenye kifuniko, kuku, na mti wa maembe. Upande wa nyuma ua una pengo. Naonyesha, papa, yule mstaafu, anasema ataliziba kwa bati leo. Kabla sijamruhusu Basema kukanyaga chini nauliza mbwa wao wa zamani alikufaje. Nikisikia kuhara damu, tunageuza pikipiki, kwa maana virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka. Papa anasema alikufa kwa uzee, chini ya mwembe, na jirani anaitikia kutoka ng'ambo ya ua. Vizuri.

Mama wa nyumba yuko jikoni kwenye mbabula, jiko la makaa, anasonga bukari, yaani ugali. Namwamkia, naomba kukaa karibu naye kwenye kigoda. Hataki kunitazama kwanza. Halafu anaweka mwiko kando: "Papa na mutoto banaitika, kisha banaenda. Mbwa inabakia na miye. Miye njo napikaka."

Namwambia mama, ndiyo sababu nimekuja kwako. Tunazungumza karibu saa nzima. Anataka kujua kama mbwa atalala ndani. La, barazani panamtosha, akiwekewa gunia kavu wakati huu wa baridi. Anataka kujua kama bukari inatosha. Peke yake haitoshi, achanganye na fretins (dagaa wakavu) au damu ya kuchemsha au mabaki ya nyama, mara tatu kwa siku mpaka afikishe miezi sita, halafu mara mbili. Vitunguu asimpe, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia asimpe, hupasuka vipande vyenye ncha. Anauliza kuhusu mimba, narudia ahadi ya kliniki. Mwishowe anauliza ikiwa mambo yatamshinda. Najibu: utanipigia mimi, nitakuja kumchukua, asitupwe wala asiuzwe. Hilo linamlegeza kuliko yote.

"Mulete nimuone."

Basema anatolewa kwenye kartoni, anatetemeka, anawakwepa papa na mjukuu, anajibanza nyuma ya kigoda cha mama. Mama anamrushia tonge. Mjukuu anataka kumkumbatia, namwomba asubiri, amwache mbwa aje mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni tunaandika karatasi. Papa anaweka sahihi, kisha naomba na mama aweke ya kwake, na anaandika polepole jina lake lote. Mwezi wa tisa tutamleta kwa kufungwa kizazi, mwakani chanjo. Papa ameshaanza kugongomea bati kwenye ua.

Saa mbili usiku simu inaita, ni mama. Anauliza kama samaki wa chumvi anafaa. Namwambia amloweke, amwage maji, arudie tena, na siku ya kwanza kipande kidogo tu. Anauliza pia dawa ya minyoo inaletwa lini. Jumatano, mama, nitaileta mwenyewe.